Kabla ya Kuvunja Choo: Kupanga Bajeti ya Matengenezo Nyumbani



Himdi zote ni za Allah (S.W), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba wake.

Ndugu zetu, choo ni chumba kidogo nyumbani, lakini matengenezo yake yamewaelemea wengi. Fundi anaitwa Jumamosi, sakafu inavunjwa Jumapili, na wiki ya pili fedha imekwisha. Vigae vizuri vimeshanunuliwa na vimepangwa ukumbini, lakini mabomba hayajalazwa na karo limejaa. Familia nzima inakwenda kuomba choo kwa jirani, na bibi mzee yumo. Hapo ndipo mtu anaposhawishika kuchukua mkopo wowote, hata wa riba, ili amalize kazi.

Makala hii tumeiandika ili nyumba zetu zisifike huko. Nasaha yetu ni moja: hesabu iandikwe kamili kabla ya sakafu kuguswa, na fedha ianzie kwenye visivyoonekana kabla ya vinavyoonekana.

Jambo hili linaihusu dini yetu

Twahara ni sharti la swala. Choo ambacho maji yake yanasimama, yakarukia nguo na miguu, kinawatia watu wa nyumba katika shaka kila siku. Kwa hiyo kukitengeneza ni matumizi mema. Lakini Allah (S.W) ametufundisha katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, kuwa waja wake wema hawafanyi israfu wala ubakhili wanapotumia, bali hushika njia ya kati. Na katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27, ametutahadharisha na ubadhirifu. Mizani yetu basi ni hii: tutoe kinachohitajika kwa twahara, usalama na sitara, na mapambo yangoje zamu yake.

Maamuzi manne kabla ya hesabu

La kwanza ni Qibla. Sisi wa Unguja na Pemba Makka iko kaskazini yetu, karibu moja kwa moja. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Abu Ayyub Al-Answariy (R.A), katazo la kuelekea Qibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wameona kuwa ndani ya jengo si haramu, ingawa kujiepusha ni bora. Wengine wamekataza kote. Njia ya kutoka katika khitilafu hiyo ni kulielekeza sinki la choo mashariki au magharibi. Likiamuliwa mapema halina gharama ya ziada. Likikumbukwa baada ya vigae kubandikwa, sakafu itavunjwa tena. Na ambaye choo chake kimeshajengwa kuelekea Qibla, wala hana uwezo wa kukivunja, asijikalifishe: Abu Ayyub mwenyewe alieleza kuwa walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa hivyo, wakawa wanageuka kidogo na kumuomba Allah maghfira.

La pili ni mahali pa udhu. Ikiwezekana, mfereji wa kutawadhia uwe nje ya choo, au utenganishwe na ukuta mfupi, ili mtu ataje jina la Allah bila ya karaha na nguo zisipate michirizi.

La tatu ni wazee na wagonjwa. Kigae king'avu kinateleza kikilowa. Sakafu itake kigae chenye uso wa kukwaruza, na ukutani kifungwe chuma cha kushikia karibu na sinki. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, gharama yake haitalingana na bei ya chuma hicho.

La nne ni karo na kisima. Kipimo kinachotumika sana ni shimo la choo kuwa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini yake kubaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Visiwa vyetu vina mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji machafu hupita humo kwa wepesi, kwa hivyo kuzidisha umbali ni salama zaidi. Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kisima cha jirani kikichafuka kwa karo letu, dhima ni yetu, hata kama choo chetu kinang'ara.

Pimeni wenyewe

Chukueni utepe mpime. Tuseme choo kina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Sakafu ni mita za mraba 3. Kuta zote nne zikizungukwa ni mita 7. Mkibandika vigae hadi kimo cha mita 1.5, mkatoa nafasi ya mlango, ukuta unahitaji kama mita za mraba 9.5. Pamoja na sakafu ni 12.5. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa vinavyovunjika na kukatwa, mpate kama 14.

Choo hicho hicho kikibandikwa vigae hadi juu, mita 2.4, kinataka zaidi ya mita za mraba 20. Maji hayafiki huko juu. Tofauti hiyo ya mita 6, pamoja na gundi na ujira wake, huenda ikatosha kununua mfereji imara na chuma cha kushikia.

Mafungu ya bajeti kwa mpangilio

Tuseme familia imekusanya shilingi 3,000,000. Kiasi hiki ni cha mfano tu. Kwanza wekeni kando asilimia 15, yaani 450,000, kwa yasiyotarajiwa. Sakafu ya zamani ikifunguliwa huonesha mambo. Bajeti halisi sasa ni 2,550,000. Andikeni mafungu kwa mpangilio huu:

1. Karo, mabomba ya maji machafu na mabomba ya maji safi.
2. Sakafu: zege, mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na dawa ya kuzuia maji kupenya. Msitumie mchanga wa pwani; chumvi yake inakula nondo na kubambua lipu.
3. Sinki la choo, mifereji na koki. Wenye maji ya kisima cha chumvi waepuke vya chuma kinachoshika kutu.
4. Ujira wa mafundi na wasaidizi.
5. Uchukuzi: nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam, gharama za bandarini, wachukuzi na gari la kufikisha mlangoni. Wenzetu wa Pemba wanaoagizia Unguja wahesabu safari mbili. Fungu hili ndilo linalosahaulika zaidi.
6. Vigae, rangi, kioo na mapambo.

Jumla ikizidi fedha iliyopo, punguzeni kuanzia chini kwenda juu. Choo chenye sakafu nzuri ya saruji kinafaa kwa miaka. Vigae vitabandikwa Allah akijaalia. Lakini vigae vilivyobandikwa juu ya bomba bovu vitavunjwa vyote.

Fedha itoke wapi

Njia bora ni kuweka akiba. Tukumbuke kuwa akiba hiyo ina zaka ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, hata kama imekusudiwa ujenzi: 2,500 kwa kila 100,000.

Mchezo wa kuchangishana, ambapo kila mmoja hupokea kwa zamu sawa na alichotoa bila ya nyongeza, wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu, kwa kuwa ni kukopeshana. Mkopo mwema kwa ndugu pia ni mlango wa kheri, ila uandikwe, kama tulivyoamrishwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 282. Ama mkopo wa riba kwa ajili ya vigae, haufai. Aliyekwama kikweli, amuulize sheikh kabla ya kutia saini.

Nyumba ya urithi ambayo haijagawiwa inataka tahadhari zaidi. Mtoto mmoja, pengine yuko Oman au Uingereza, anatuma fedha choo cha wazazi kikajengwa upya. Miaka ikapita, nyumba ikauzwa, na maneno yakaanza: je, ile ilikuwa zawadi, deni au hisa? Warithi wakubaliane kabla ya kazi, waandike na washuhudie. Karatasi moja inaweza kuokoa udugu.

Makubaliano na fundi

Ujira ujulikane kabla ya kazi kuanza. Andikeni kazi yenyewe, bei, siku, na nani ananunua vifaa. Gaweni malipo kwa hatua: mabomba yakishajaribiwa kwa maji, sakafu ikishapimwa mteremko, na mwisho kazi ikikamilika. Mwagieni ndoo ya maji sakafuni kabla ya vigae, yakisimama, arekebishe. Hatua ikikamilika, mlipeni bila kumzungusha, kwani Mtume (S.A.W) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Mwisho, pangeni watu wa nyumba watatumia choo gani siku za kazi, na muombeni jirani ruhusa mapema. Kisha bandikeni karatasi ya hesabu ukutani, na kila shilingi inayotoka iandikwe siku ile ile.

Tunamuomba Allah (S.W) atujaalie nyumba zenye twahara, riziki ya halali na baraka katika kidogo tulichonacho. Wallahu a'lam.