Kanzu Iliyoungua Bila Moto

Hapo zamani za karibu, mwaka 1957, huko Washington nchini Marekani, alikuwako mtoto wa miezi mitatu aitwaye Walden. Baba yake, Russell Kirsch, alifanya kazi katika taasisi ya serikali ya vipimo na viwango, kwenye kompyuta iliyoitwa SEAC. Siku hizo kompyuta ilikuwa bingwa wa hesabu na kipofu wa mambo mengine yote. Kirsch akajiuliza: itakuwaje kompyuta ikitazama picha?

Akaichukua picha ndogo ya mwanawe, sentimita tano kwa tano, akaivika kwenye silinda inayozunguka. Jicho la umeme likaipitia mstari kwa mstari likiuliza swali moja tu: hapa pana mwanga, au pana giza? Penye mwanga ikaandikwa namba moja, penye giza namba nyingine. Mistari ilikuwa 176, na kila mstari ulikuwa na viraba 176. Zidisheni wenyewe: 30,976. Mwishowe mashine ikamwonyesha Walden, chenga tele usoni, lakini ni yeye.

Viraba hivyo ndivyo pikseli. Mkeka wa ukili wa rangi ukiutazama kutoka mlangoni unaona maua. Ukiinama karibu unaona vipande tu, hiki chekundu, hiki cheusi. Picha ya simu imesukwa hivyo hivyo, ila vipande vyake ni namba.

Miaka 18 baada ya Walden, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak, Steve Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Picha yake ilikuwa na viraba 100 kwa 100, na kuiandika kwenye kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23! Mfanyakazi mwenzake aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha nayo alionekana nywele zake na ukuta wa nyuma, lakini uso ulikuwa vurugu tupu mpaka waya zilipogeuzwa. Leo simu ya dada yako huandika viraba milioni 12 kabla hajapepesa jicho, kisha analalamika kwamba simu ni nzito.

Basi sogeeni, tuingie jikoni kwenyewe. Kila kiraba katika picha ya rangi hubeba namba tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Sufuri tatu ni weusi kabisa; 255 mara tatu ni weupe kabisa. Kuhariri picha, au kuediti kama mnavyosema, ni kuzichezea namba hizo. Ukivuta kitufe cha mwangaza, programu inaongeza namba zote. Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, inazichanganya tatu kuwa moja. Ukitaka picha ikolee, inazisukuma namba kubwa juu zaidi na ndogo chini zaidi. Ukikata pembeni, inatupa mistari mizima. Hakuna uchawi humo, ni kujumlisha na kutoa tu, mara milioni nyingi.

Sasa hadithi ya kanzu. Ijumaa, saa saba na nusu mchana, babu anatoka msikitini. Kanzu yake ni nyeupe, imepigwa pasi ikanyooka, shingoni ina darizi ya hariri ambayo fundi aliihangaikia kwa wiki kadhaa. Nyuma yake pana mwembe wenye kivuli kizito. Mjukuu anainua simu: chaa! Anaitazama picha. Uso wa babu umetoka vizuri, mwembe umetoka vizuri, lakini kanzu imekuwa karatasi. Haina mkunjo, haina darizi, haina hata mshono wa bega. Wapiga picha wanasema imeungua.

Mjukuu hana wasiwasi, anayo programu. Anaupunguza mwangaza. Kanzu inakuwa ya kijivu, lakini darizi haitokei. Anapunguza tena. Sasa babu amevaa kanzu ya majivu. Kwa nini? Kwa sababu pale shingoni kila kiraba kiliandikwa 255, 255, 255. Uzi wa darizi uliandikwa 255, na kitambaa kilicho kando yake nacho 255. Ukitoa 60 kila mahali unapata 195 kila mahali. Programu itajuaje kwamba hapa palikuwa na uzi na pale palikuwa na kitambaa? Namba zimelingana, na tofauti iliyokuwapo haimo tena.

Kivuli kina huruma zaidi. Tuseme chini ya mwembe aliketi paka, na viraba vyake viliandikwa 20, 24, 22. Kwa jicho ni giza tu. Lakini tofauti zimo. Zidisha kwa tatu upate 60, 72, 66, na masharubu ya paka yanachomoza, pamoja na chenga kidogo, maana nazo zinazidishwa. Ndiyo maana anayejifunza kupiga picha kwa simu au kamera ya dijitali afadhali akosee upande wa giza kuliko upande wa jua. Kabla ya kupiga, gusa ile kanzu kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kivute chini taratibu mpaka uione darizi. Kisha piga. Mwembe utakuwa na giza, lakini huo utaufufua nyumbani.

Mtaniuliza, simu ilikosaje kitu kilicho wazi hivyo? Simu haimjui babu wala kanzu. Inapima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuuleta katikati, kwenye kijivu cha wastani. Mwembe mweusi ukijaa kwenye picha, inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga, na kanzu inaungua. Geuza mambo: mama amesimama ndani, mgongo kwa mlango ulio wazi. Simu inaona mwanga wa mlango, inashtuka, inapunguza, na uso wa mama unakuwa kivuli. Dawa yake haimo kwenye programu yoyote. Mwambie: “Mama, naomba ugeuke utazame mlangoni,” nawe simama upande wa mlango. Mwanga ule ule uliomficha sasa unamlainisha uso.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu zaidi ya kuujua mchezo huu. Kwa miaka mingi karne iliyopita, maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Rangi yake ikitoka sawa, kazi imekwisha. Nyuso nyeusi zikazama gizani, meno na macho tu yakang’aa, na watu wakaambiwa eti hawana sura ya picha.

Wapo wanaosema kuhariri ni kudanganya. Mimi sikubaliani nao, angalau si moja kwa moja. Ndani ya kamera nyingi kila kiraba cha kuona mwanga kimefunikwa na kichujio cha rangi moja, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kimepewa zaidi kwa sababu jicho la binadamu hupambanua mwanga wa kijani vizuri kuliko mwingine. Maana yake kila kiraba kinapima rangi moja, na nyingine mbili kompyuta inazikisia kutoka kwa majirani. Theluthi mbili ya namba za picha yenu ni makisio kabla hamjagusa kitu!

Tena mchezo huu haukuletwa na kompyuta. Mjini Lamu, zamani hizo za filamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja katika studio yake, na wateja walimlipa kwa furaha. Programu ya Photoshop ilikuja baadaye: Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliianza 1987, ndugu yake John akaingia, na 1990 ikauzwa madukani. Nyinyi hamna haja ya kuinunua. GIMP ni ya bure kwenye kompyuta, Snapseed ni ya bure kwenye simu. Kinachonikera mimi ni kile kitufe cha kulainisha ngozi. Kinamfuta bibi mikunjo yake yote, akabaki na uso wa mdoli, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mkianza kuhariri, fanyeni kwenye nakala, na ile ya asili iacheni ilivyo. Faili za picha za aina ya JPEG hupoteza chembe kila zinapohifadhiwa upya. Na siku ya kuchapisha, msidanganywe kwamba lazima simu iwe ya bei kubwa. Picha ya kawaida ya studio, inchi nne kwa sita, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji viraba 1,200 kwa 1,800, yaani milioni mbili na kidogo. Ila msiitume studio kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itapunguzwa njiani. Itumeni kama waraka, na darizi ya babu itafika pamoja na nyuzi zake.