Diski za Zamani Nazo ni Amana

Katika baadhi ya nyumba zetu zimebaki diski za kompyuta za zamani, zile zilizoendeshwa kwa DOS tangu mwaka 1981. Huenda ndani yake mna hesabu za duka, orodha ya madeni, au wosia wa mzee aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Dini yetu imetuamuru kuandika madeni na kutimiza amana. Basi diski hizo si takataka za kutupwa.

Kijana akiitia diski hiyo katika mashine, mara nyingi hutokewa na maneno "Abort, Retry, Fail?", yaani: acha, jaribu tena, au ishindikane. Hapo wengi hukata tamaa. Lakini yatupasa tujue ya kuwa kosa la kusoma si dalili ya kwamba maandishi yamekwisha kupotea.

DOS hukata faili vipande vipande na kuvitawanya katika diski. Jedwali liitwalo FAT ndilo lionyeshalo kipande kipi chafuata kipi. Jedwali likiharibika, vipande hupotea njia, wala havifutiki. Hata faili likifutwa, DOS hubadili herufi ya kwanza ya jina lake tu na kuihesabu nafasi yake kuwa tupu. Maneno yenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Ndiyo sababu MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 iliweza kuja na amri ya UNDELETE.

Basi la kwanza ni kuizuia diski isiandikwe. Ile ya inchi 3.5, fungua kidirisha chake cha pembeni. Ile ya inchi 5.25, ziba pengo la ubavuni. La pili, nakili diski nzima kwa DISKCOPY. La tatu, itengeneze nakala, usiiguse asili. CHKDSK peke yake hueleza makosa tu. Ikiongezwa /F, huyatengeneza, na vipande visivyo na mwenyewe huviweka katika mafaili kama FILE0000.CHK. Tangu MS-DOS 6.2 ya mwaka 1993, kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na SCANDISK.

Wenye haraka huanza kutengeneza kabla ya kunakili, na kutengeneza nako ni kuandika. Huenda katika kipande kimoja kilichopotea mna jina la mtu anayemdai marehemu wetu. Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amin.