Mcheza Kwao Hutuzwa? Ziara ya Stratford, Mji wa Soko na wa Shakespeare

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Mwandishi wa makala haya aliikariri methali hii tangu shule ya msingi pasipo kuitilia shaka, hadi alipojaaliwa kuuzuru mji wa Stratford-upon-Avon, ulioko Warwickshire nchini Uingereza. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, William Shakespeare si mgeni. Aliingia katika maktaba zetu kupitia kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963, nayo Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka wa 1969. Makala haya yananuia kueleza yale ambayo mgeni huyaona mjini humo, na kuonyesha kwamba sifa ya mji huo kifasihi haikujileta. Iliwahi kupuuzwa, ikabomolewa, kisha ikanunuliwa kwa michango.

Ikumbukwe kuwa Stratford ulikuwa mji wa soko kabla ya kuwa mji wa fasihi. Mwaka wa 1196 Mfalme Richard wa Kwanza aliidhinisha soko la kila juma. Majina ya mitaa yameihifadhi historia hiyo: Sheep Street ni mtaa wa kondoo, na "rother" ya Rother Street ni neno kongwe lenye maana ya ng'ombe. Hadi leo wachuuzi hupanga meza zao katika mtaa huo wa pili. Mgeni atokaye ng'ambo ya mto Avon huingia kwa daraja la mawe lenye matao kumi na manne, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 15 kwa fedha za Hugh Clopton, mfanyabiashara aliyetajirika London na kuwa meya wa jiji hilo mwaka wa 1491, lakini hakukusahau kwao.

Kutoka hapo mgeni hupanda hadi Henley Street, kwenye nyumba ambamo inaaminiwa Shakespeare alizaliwa mwaka wa 1564. Baba yake, John, alikuwa fundi wa glavu za ngozi. Maisha yake tunayafahamu kupitia kumbukumbu za kawaida kabisa. Mwaka wa 1552 alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi mtaani. Mwaka wa 1568 alichaguliwa kuwa kiongozi wa baraza la mji. Mwaka wa 1570 alishtakiwa kwa kutoza riba kinyume cha sheria. Hapa msomaji wa Mabepari wa Venisi hana budi kusita kidogo. Hatuwezi kudai kuwa kesi ya baba ndiyo iliyoizaa tamthilia ya mwana. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa mtunzi hakuhitaji kufika Venisi ili ajue jinsi mkopeshaji na mdaiwa wanavyotazamana.

Kituo cha tatu ni ukumbi mkongwe wa mji, ambao ghorofa yake ya juu ilikuwa shule. Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa Shakespeare alisomea humo, ingawa orodha za wanafunzi wa wakati huo hazikusalia. Katika ukumbi wa chini ndimo vikundi vya waigizaji kutoka nje vilimokuwa vikicheza. Mwaka wa 1569, John akiwa bado kiongozi wa mji, vikundi viwili vililipwa kutoka katika hazina ya baraza.

Lakini upepo uligeuka. Mwaka wa 1602 baraza lilipiga marufuku michezo ya kuigiza ukumbini humo, na atakayeiruhusu atozwe faini ya shilingi kumi. Mwaka wa 1612, mtunzi mwenyewe angali hai, faini hiyo ilipandishwa hadi pauni kumi. Ajabu zaidi ni ya mwaka wa 1622, miaka sita baada ya kifo chake. Kikundi cha Mfalme, kile kile alichokitumikia London, kilifika Stratford, na baraza likakilipa shilingi sita ili kisicheze. Huyo ndiye mcheza kwao!

Karibu na ukumbi huo pana bustani. Hapo ndipo iliposimama New Place, nyumba kubwa aliyoinunua Shakespeare mwaka wa 1597. Katika karne ya 18 ilimilikiwa na kasisi Francis Gastrell, aliyechoshwa na wageni waliokuja kuutazama mforsadi uliosemekana kupandwa na mtunzi. Aliukata mti huo. Baadaye, akiwa na ugomvi na wakuu wa mji juu ya kodi, aliibomoa nyumba yenyewe mwaka wa 1759.

Waama, hasara hiyo iliwazindua watu. Mwaka wa 1769 mwigizaji David Garrick aliandaa tamasha la kumkumbuka Shakespeare. Mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, na wala haukuchezwa hata mchezo mmoja wa Shakespeare. Hata hivyo, mji ulikuwa umetambua ulichonacho. Nyumba ya Henley Street, ambayo sehemu yake iliwahi kuwa bucha na nyingine mkahawa wa pombe, ilipopigwa mnada mwaka wa 1847, wapenzi wa fasihi walichanga wakainunua kwa pauni 3,000. Jumba la maonyesho lililofunguliwa kando ya mto mwaka wa 1879 liliteketea mwaka wa 1926, na jipya likafunguliwa mwaka wa 1932.

Ziara huishia katika Kanisa la Utatu Mtakatifu. Sajili ya kanisa hilo inaonyesha kuwa William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 na kuzikwa tarehe 25 Aprili 1616. Baina ya tarehe hizo mbili, mengi tuyajuayo juu yake nyumbani kwao yametoka kwa makarani waliosajili faini, kodi na ununuzi wa nyumba, bila kudhani kuwa wanaandika historia ya fasihi.

Ndugu msomaji, mwandishi alipovuka tena lile daraja la Clopton, methali ile ilikuwa imempata maana mpya. Mcheza kwao hutuzwa, ila kwanza sharti atunzwe. Sisi tunaosomea fasihi ya Kiswahili huwahakiki watunzi wetu kwa bidii, lakini ni mara chache tunapouliza miswada yao ya mkono iko katika sanduku la nani, au nyumba walimoandikia ina hali gani. Stratford uliwahi kuichelewesha swali hilo hadi nyumba ikabomolewa. Heri sisi tuliulize wakati sanduku lingalipo, na wenye funguo wangali hai.