Aibu isimnyime mtu chanjo

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii twaifundisha madarasani mwaka nenda mwaka rudi, na kila mara lawama humwangukia mgonjwa. Ni nadra mwanafunzi kuuliza: je, huyo aliyeficha alimwogopa nani?

Swali hilo lina uzito zaidi katika mambo ya chanjo. Mgonjwa husukumwa na maumivu hadi hospitalini, apende asipende. Chanjo hupewa mtu mwenye afya, na asiyeumwa hana kinachomsukuma. Akidhani atachekwa, atakaa nyumbani.

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Mnamo 2008 nchi hiyo ilianza kuwachanja wasichana shuleni dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana na ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Virusi hivyo huweza pia kuleta saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa. Wataalamu walipiga hesabu kuwa wasichana wengi wakikingwa, wavulana nao watakingika, kwa kuwa wa kuwaambukiza watapungua. Hesabu hiyo iliwafaa wanaume wanaopenda wanawake. Wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao waliachwa nje, ilhali saratani ya njia ya haja kubwa huwapata wao zaidi kuliko wanaume wengine.

Marekebisho yalikuja polepole. Kuanzia Aprili 2018, huko England, mashoga na wanaume wanaopenda jinsia zote mbili waliruhusiwa kupata chanjo hiyo bila malipo katika kliniki za magonjwa ya zinaa, mradi wasiwe wamepita umri wa miaka 45. Kliniki hizo huwapa pia chanjo ya homa ya ini. Ugonjwa wa Mpox ulipozuka huko mwaka 2022, wao walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa kuchanjwa. Kisha Agosti 2025 ukaanzishwa mpango wa chanjo dhidi ya kisonono, baada ya visa zaidi ya 85,000 kurekodiwa England katika mwaka 2023 pekee. Chanjo hiyo, iliyoundwa awali kukinga homa ya uti wa mgongo, haizuii kisonono kabisa, bali hupunguza hatari yake kwa kadiri ya asilimia 30 hadi 40.

Walakini, chanjo ya bure haimfai mtu asiyethubutu kuiomba. Ili aipate, hana budi kumweleza muuguzi asiyemjua jambo ambalo huenda hata mamaye mzazi halijui. Ndiyo maana katika kliniki hizo mtu halazimishwi kutaja jina lake halisi, wala daktari wake wa kawaida hajulishwi bila idhini yake. Hata hivyo, wengi hufika wakiwa watu wazima, na chanjo haiviondoi virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Kwa hiyo tangu Septemba 2019 wavulana wa miaka 12 na 13 nao huchanjwa shuleni pamoja na wasichana. Mtoto huyo haulizwi atakuja kumpenda nani. Anakingwa kabla ya kuwa na siri ya kuficha.

Hapa Kenya chanjo ya HPV ilianza Oktoba 2019, kwa wasichana. Kuwatanguliza hao ni haki, kwani saratani ya mlango wa kizazi huwaua maelfu ya wanawake wetu kila mwaka. Silaumu hilo. Ninalolilaumu ni dirisha la zahanati. Nani kati yetu hajasimama katika foleni akamsikia karani akimwuliza mgonjwa kwa sauti ya mnadi, "Wewe unaumwa nini?" Ikiwa msichana mwenye ujauzito huona haya mbele ya dirisha hilo, sembuse mwanamume wa aina ninayoizungumzia?

Najua watakaonijibu kwamba sheria na dini zinakataza. Ni kweli kwamba kifungu 162 cha Kanuni za Adhabu kingalipo, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Haikuweka masharti ya mwenendo. Hata mfungwa hutibiwa. Tena maradhi hayakomei kwa mmoja. Mwanamume huyo huenda ana mke nyumbani, na homa ya ini aina ya B aliyokosa kukingwa nayo yaweza kumfikia mkewe, na kutoka kwa mkewe ikamfikia mtoto wakati wa kuzaliwa. Anayemfukuza mmoja dirishani amewafukuza watatu.

Mwalimu mwenzangu, utakapoifundisha tena methali ile, waulize wanafunzi wako lile swali tulilolisahau. Miongoni mwao wamo wauguzi, matabibu na makarani wa kesho. Wafunze kuuliza kwa sauti ya chini, nyuma ya mlango uliofungwa, na kuyahifadhi watakayoambiwa. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha za wafadhili.