Oposumu si mtoto wa Australia

Wandugu, wengi wetu tulitoka shuleni na sentensi moja kichwani: mnyama wa mfuko ni kangaruu, na kangaruu ni wa Australia. Basi, imeisha. Kumbe oposumu, ambaye naye ni wa ukoo huo, makao yake ya asili ni Amerika peke yake. Aina zake zinapita 100, karibu zote za Amerika ya Kusini na ya Kati. Tena aina nyingi ndogo hazina mfuko hata kidogo: watoto wananing'inia tu kwenye chuchu za mama.

Mkanganyiko ulianzia kwenye jina. Neno ni la Wapowhatan wa Virginia, Waingereza wakalichukua kwao. Mwaka 1770 watu wa James Cook walifika Australia, wakaona mnyama wa mtini mwenye mkia mrefu, wakampa jina lile lile. Leo huyo anaitwa posumu.

Lakini mtaalamu hasimami kwenye mkia. Anafungua mdomo, kisha anaangalia miguu. Oposumu ana meno 50, na vidole vyake vya nyuma vimeachana. Posumu ana meno mawili makubwa ya chini yanayoelekea mbele, na kwenye mguu wa nyuma kidole cha pili na cha tatu vimeunganishwa na ngozi, sawasawa na kangaruu. Yaani posumu ni ndugu ya kangaruu, si ya oposumu.

Kuna na kosa la kinyume. Oposumu wa Virginia anaishi kuanzia Amerika ya Kati mpaka kusini ya Kanada. Wa kaskazini ni mkubwa, ana manyoya ya kijivu na uso mweupe. Mara nyingi ncha za masikio na mkia zimekatika juu ya baridi. Wa Meksiko ni mdogo na mweusi zaidi. Ukiwaweka pamoja utaapa ni wanyama wawili, kumbe ni aina moja. Halafu huko huko Meksiko kuna oposumu mwingine anayefanana naye sana, na kwa miaka mingi wote wawili waliandikwa chini ya jina moja. Mwaka 1973 Alfred Gardner, aliyechunguza na kromosomu zao, alionyesha kwamba hao ndio aina mbili.

Mimi anayenishangaza zaidi ni monito del monte, kadogo kama panya, wa misitu ya baridi ya Chile na Argentina. Kwa sura ungemtia kwa oposumu. Mifupa ya kifundo cha mguu, na baadaye DNA, vilimpeleka upande wa Australia! Hilo linaeleweka ukikumbuka kwamba zamani Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilishikana. Mwaka 1982 kisukuku cha mnyama wa jamii hiyo kilipatikana kisiwa cha Seymour, Antaktika.

Na kwetu? Porini leo hakuna hata mmoja. Binamu zao wa kale waliacha meno huko Fayum, Misri, lakini ukoo huo ulikwisha. Yule panya mkubwa wa msituni tunayemla, mwenye mifuko mashavuni, anabebea humo chakula, si watoto. Ni panya tu.