Katie McCabe, kapiteni wa Ayalandi

Wenzangu, humu masomoni kuna wavulana wanaojua wachezaji wote wa Arsenal, toka golini mpaka mbele. Kumbe hawajui kama mwaka 2025 ni wanawake wa Arsenal njo walichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Ilikuwa tarehe 24 Mei kule Lisbon, Barcelona ikapigwa 1-0, na Katie McCabe alicheza nyuma upande wa kushoto.

Alizaliwa Dublin mwaka 1995, katika nyumba ya watoto 11. (Hapa kwetu si ajabu, lakini kule Ulaya ni wengi.) Alichezea Raheny United, halafu Shelbourne, na mwezi wa 12 mwaka 2015 Arsenal ikamchukua. Mwanzo ulikuwa mgumu: nafasi ya kucheza ilikuwa haba, na mwaka 2017 wakamwazimisha kwa Glasgow City ya Scotland. Alirudi, akashika nafasi yake, na mwaka 2019 wakawa mabingwa wa Uingereza.

Sasa kuna jambo moja ambalo mimi naona linapita magoli. Kucheza katika klabu na kuchezea taifa si kitu kimoja. Klabu inakulipa, taifa linakuita siku chache tu. Wakati ule wasichana wengi wa timu ya Ayalandi walikuwa na kazi zao ao walikuwa wanasoma. Ukiitwa, unaacha kazi, mshahara unakatwa, na hakuna wa kukurudishia. Tena nguo za mazoezi hazikuwa zao, waligawana na timu za vijana: wakitoka safari wanazivua ndani ya vyoo vya uwanja wa ndege na kuzirudisha. Wachezaji wa taifa, jamani! Tarehe 4 Aprili 2017 wakasimama mbele ya waandishi wa habari, wakasema wazi: mambo haya yasipotengenezwa, hatutacheza na Slovakia. Kisha siku chache mapatano yakapatikana na mechi ikachezwa. Mwaka uleule Katie akawekwa kapiteni, akiwa na miaka 21 tu.

Neno halikuishia pale. Mwezi wa nane mwaka 2021 shirikisho la mpira lilitangaza kwamba wanaume na wanawake wa taifa watalipwa sawasawa kwa kila mechi. Wanaume wenyewe walikubali kupunguza malipo yao, na shirikisho likaongeza upande wake. Angalieni vizuri hapo: hawakungoja wanawake washinde kombe kwanza. Tarehe 11 Oktoba 2022 njo wakapiga Scotland 1-0 kule Glasgow, wakaingia Kombe la Dunia mara ya kwanza.

Huko Australia, tarehe 26 Julai 2023, walikutana na Canada, mabingwa wa Olimpiki. Dakika ya nne, Katie akapiga kona toka upande wa kuume kwa mguu wa kushoto. Mpira ukipigwa vile unajikunja kuelekea goli, si kuelekea nje. Ukaingia moja kwa moja. Wale wanaocheka wasichana wetu wakiomba uwanja siku moja tu kwa juma, waende wajaribu hiyo kona mara kumi.

Canada ilirudi, ikashinda 2-1. Na Nigeria ilikuwa 0-0, Ayalandi ikarudi nyumbani na pointi moja.