Kimo cha Shangingi na Matengenezo Yake Katika Pwani ya Tanga

Magari makubwa ya Toyota Land Cruiser, ambayo Watanzania wamezoea kuyaita mashangingi, yana kazi nyingi mkoani Tanga, kwa kuwa ofisi za serikali, mashamba ya mkonge, wasafirishaji wa watalii wa Saadani na, tangu lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani mwezi Agosti 2017, wakandarasi wa kila aina, wote huhitaji gari lisilokwaruza tumbo njiani. Land Cruiser toleo la 200, lililoingia sokoni mwaka 2007, ina kimo cha takriban meta 1.9 na uzito unaozidi tani 2.5, na tumbo lake huwa juu ya ardhi kwa sentimeta zipatazo 23. Kwa dereva, kimo hicho ni faida tupu. Kwa fundi, sehemu za juu hazifikiki na za chini zinafikika kwa urahisi unaoghilibu.

Boneti ya gari hilo humfika mtu wa kimo cha wastani karibu na kifua, na kwa hiyo fundi anayetaka kubadilisha filta au kukaza waya wa betri hulazimika kuinama huku amelalia ubavu wa gari, mikono ikiwa imenyooshwa na uzito wote wa spana ukiangukia kiuno. Wengi hujisaidia kwa kupanda bampa au kreti ya soda iliyopinduliwa, ingawa plastiki iliyomwagikiwa oili huteleza, na nafasi yake haitoshi hata kusogeza mguu. Benchi pana la mbao lenye kimo cha sentimeta 30 hadi 40, ambalo seremala yeyote anaweza kuliunga kwa mabaki ya mtiki wa Longuza, wilayani Muheza, humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko dawa za mgongo.

Upande wa chini ndio wenye hatari kubwa zaidi. Kwa kuwa fundi mwembamba anaweza kujipenyeza chini ya shangingi bila kuliinua, mazoea ya kufanya kazi bila stendi, yaani miguu ya chuma ya kuegemezea gari, huanza kwenye kumwaga oili na kuishia kwenye kazi zinazohitaji gurudumu liondolewe. Hapo jeki hupewa kazi isiyo yake. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na bodi, inapoinuliwa, springi zilizokuwa zimegandamizwa na uzito hujinyoosha kwanza, na gurudumu huendelea kukanyaga ardhi wakati bodi imekwisha kupanda sana. Fundi akiona jeki imefika mwisho, huipandisha juu ya mawe au vipande vya mbao, na mnara huo ndio huteleza. Katika toleo la 70, lenye ekseli nzima mbele na nyuma, jeki ikiwekwa chini ya ekseli gurudumu huachia ardhi mapema, lakini toleo la 200 halina ekseli ya namna hiyo mbele, hivyo huhitaji jeki ndefu na sehemu zilizoelekezwa katika kitabu cha gari. Penye mchanga, ubao mpana na mzito huwekwa chini ya jeki ili isizame upande mmoja.

Wapo wanaoamini kwamba gia ikiingizwa gari haliendi popote, na imani hiyo ni ya kuachwa mara moja. Difu, yaani mtambo wa meno unaogawa nguvu baina ya magurudumu, huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka wakati lile lililo chini likibingirika, na magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne muda wote yana difu nyingine katikati inayoendeleza udanganyifu huo. Kwa hiyo breki ya mkono na kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini haziepukiki.

Baada ya safari ya ufukweni Pangani, chumvi iliyoganda kwenye chesisi hunyonya unyevu wa hewa na kukifanya chuma kibaki na utando wa maji hata siku za kiangazi. Kimo cha tumbo hapa ni msaada, kwani mpira wa maji huingia kutoka kila upande, mradi maji yenyewe yasiwe ya kisima chenye chumvichumvi.

Paa, kwa upande wake, husahaulika kwa sababu halionekani. Hadtopu za toleo la 70 zina mfereji mwembamba wa mvua uliozunguka ukingo wa paa, na gundi ya kuziba maungio yake ikipasuka, maji yenye chumvi hukaa chini ya rangi, na kutu husafiri kimyakimya hadi doa la kahawia litokee kwenye kitambaa cha dari, juu ya kichwa cha dereva. Anayeosha gari akisimama kwenye benchi lile lile la boneti anaweza kupitisha kidole mferejini na kwenye miguu ya keria. Rangi iliyovimba hubonyea, na mahali hapo hupaswa kukwanguliwa hadi chuma safi na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya masika.